Sauti ya Msaili

To. Kimya. To.

Kila siku kabla ya alfajiri, maji yalianza kudondoka kwenye mtungi wa ukutani jikoni kwa Namwezi. Ulikuwa mtungi wa kioo uliojengewa ndani ya ukuta, na tone la kwanza lilipofika chini lililia kama mtu anayegonga kikombe kwa ukucha. Kisha matone yaliongeza mwendo, na jua lilipochomoza mtungi ulikuwa umejaa maji safi ya siku nzima, bila mtu kwenda kisimani wala kufungua bomba.

Maji hayo yalitoka hewani. Juu ya kilima cha Sekenke, mahali ambapo zamani palikuwa na mawe na miba tu, sasa vilisimama vinu vya umande, virefu kupita nyumba zote za mji. Kila kinu kilikuwa na mbawa za kitambaa chembamba zilizozunguka polepole usiku kucha, zikiramba unyevu wa upepo na kuukamulia kwenye mabomba yaliyoteremka hadi majumbani. Kwa ajili ya vinu hivyo mji mkubwa uliweza kukaa katikati ya nchi kavu, na watu ambao kwao maji yamezidi au yamekwisha walikuja Sekenke kuomba kazi.

Namwezi alikuwa mmoja wao. Alitoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, baada ya mafuriko makubwa, akiwa na binti yake Solange na mfuko mmoja wa nguo. Asubuhi hiyo alikuwa macho kabla ya tone la kwanza. Alilala chali akisikiliza. Siku ya Alhamisi angeitwa kwa Msaili mara ya pili, na mara ya tatu haikuwapo. Mgeni aliyeshindwa mara mbili alirudishwa kwenye kambi ya mpakani, yeye na mtoto wake, na kambi ile Namwezi aliijua. Ni juzijuzi tu mashavu ya Solange yameanza kujaa tangu watoke huko.

Kazi aliyoiomba ilikuwa ya kulinda na kutunza kinu cha umande, na aliiweza. Kwao alikuwa ametunza mashine za kusukuma maji ya mji kwa miaka mingi, na alijua injini inayougua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Lakini Msaili hakumwuliza habari za injini.

Msaili hakuwa mtu. Alikuwa mashine ya kuwahoji waombaji kazi, ingawa watu walimtaja kama mtu. Mwombaji aliingia peke yake katika chumba cheupe, akaketi kwenye kiti-sikivu, kiti kilichopima mapigo ya moyo na jasho la viganja, kisha sauti ikatoka ukutani na kuanza kuuliza. Waliomtengeneza walisema hajui kabila, hapokei rushwa wala hachoki, na hayo yote yalikuwa kweli. Walimpa sauti ya mzee wa heshima, nzito na ya taratibu, ili wageni wajisikie nyumbani.

Mara ya kwanza, sauti ile ilimwambia Namwezi, "Kazi ya Uvira waliifanya wenzako. Wewe ulikuwa ukiwasaidia tu. Sivyo?"

Kwao Namwezi, kijana habishani na mzee. Mzee akikosea unaitikia, halafu baadaye unamtuma mtu wa rika lake akamweleze kwa upole. Kwa hiyo Namwezi aliinamisha macho mbele ya ukuta mtupu, akasema, "Ndiyo, baba."

Taa ya mlangoni ikawa nyekundu. Alitoka nje bila kuelewa kosa lake, na tangu siku hiyo sauti ile haikumtoka. Aliisikia akifua. Aliisikia akimsuka Solange nywele. Wengi waliopita kwa Msaili walikuwa hivyo, lakini hawakuambiana, kwa sababu kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Mlango uliofuata kwenye ujia wao aliishi Mzee Ntandu. Ghorofa nzima ilimjua kuwa bubu. Alikuwa mrefu, amepinda kidogo mabega, na alizungumza kwa mikono na kichwa. Namwezi alipohamia, mzee huyo alimwachia mlangoni fungu la vitunguu. Siku nyingine akaleta asali kwenye chupa ndogo. Alipogundua kwamba mama huyu ana sufuria moja tu, kesho yake asubuhi sufuria nyingine ilikuwa pale mlangoni, imesuguliwa ikang'aa, na yeye mwenyewe hayupo, ili asishukuriwe.

Asubuhi hiyo ya Jumatatu Namwezi alikuwa akifunga mlango ampeleke Solange shule. Mtoto alitangulia mbio kwenye lifti, kama kawaida yake. Milango ya lifti ikafunguka, lakini chumba chake kilikuwa hakijafika. Ndani mlikuwa na giza na upepo tu.

"Simama hapo, mtoto. Usisogee."

Solange akasimama, ncha za viatu zimefika ukingoni. Mzee Ntandu alikuwa nyuma yake, amenyoosha mkono, na mdomo wake ulikuwa wazi. Ilikuwa sauti ya Msaili. Haikuwa inayofanana nayo. Ilikuwa ile ile, nzito, ya taratibu, na ile namna yake ya kutua kidogo kabla ya neno la mwisho.

Namwezi alimnyakua mtoto, akarudi ndani, akafunga komeo zote. Akaketi sakafuni, mgongo mlangoni.

"Mama, koko anasema," Solange alimnong'oneza. Kwao babu huitwa koko. "Kumbe anasema."

"Nyamaza."

"Ameniambia nisimame."

"Nimesema nyamaza, Solange."

Hakumpeleka shule siku hiyo. Alikaa akifikiri, na kila wazo lilizaa lingine baya zaidi. Huenda Msaili ametoka katika chumba chake cheupe akamfuata mpaka nyumbani. Huenda vitunguu na asali vilikuwa mtihani pia. Je, amewahi kusema nini kule ujiani akidhani anazungumza mbele ya bubu? Alikumbuka kwamba siku moja, akiwa amechoka, alimwambia mzee yule kuwa anatamani kulala asiamke. Maneno kama hayo yangemtosha Msaili kumfukuza mtu.

Mchana Solange alikula bila kusema, halafu akauliza, "Wewe ulinifunza kushukuru. Mbona hatukumwambia aksanti?"

Kwao, mtu akimwokoa mtoto wako, jua halitui kabla hujafika mlangoni kwake. Alisonga bugali, ugali wa kwao, akapika mchicha na dagaa aliokuwa amewaweka kwa ajili ya Jumapili, akafunika sahani kwa kitambaa. Miguu ilikuwa haitaki, lakini alikwenda, na Solange akamfuata ameshika kanga yake.

"Hodi."

Mzee Ntandu alifungua akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, kama mtu aliyeungua.

"Shikamoo, baba," alisema Namwezi. Salamu hiyo alikuwa amejifunza hapa nchini. "Nimekuja kushukuru. Kwa ajili ya mtoto."

Mzee alitazama sahani, akamtazama mtoto. Akaondoa kiganja. "Marahaba," alisema kwa sauti ndogo kabisa.

Sahani ikaanza kumponyoka Namwezi. Mzee aliipokea kabla haijaanguka, akarudi nyuma mpaka ukutani. "Kaa hapo karibu na mlango, mama. Nitauacha wazi. Ukitaka kuondoka, ondoka tu, sitaudhika."

Kwa ajili ya maneno hayo Namwezi aliketi. Aliketi kwenye ukingo wa kiti, amemweka Solange katikati ya magoti yake.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

"Mimi ni Ntandu, sina lingine. Zamani nilikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni. Treni ikiingia nasema, karibuni Sekenke, shukeni taratibu, msisahau mizigo yenu. Watu walipenda. Wapo waliokuwa wakichelewa kutoka ili wanisikie." Alitabasamu kidogo. "Ndipo walipokuja vijana wa mashine. Wakasema wanataka sauti ya kuwapokea wageni. Nikaona ni kazi ile ile yangu. Nilisoma maneno asubuhi nyingi kwenye chumba chenye magodoro ukutani, maneno ya kawaida, habari gani, jina lako nani, eleza kazi yako. Nikaenda nyumbani nimefurahi."

"Na baadaye?"

"Baadaye nilikwenda sokoni. Kuna mama wa nyanya, mgeni kama wewe. Nikamwambia, nipimie za kutosha mboga. Alianza kutetemeka, akasema, sijadanganya baba, yote niliyosema ni kweli. Watu wakageuka. Nilimwacha na nyanya zake. Siku nyingine ikawa kwa kinyozi. Siku nyingine ni mkwe wangu mwenyewe, aliyetoka nchi jirani. Nikisema neno mezani, mkono wake unasimama njiani. Nikaona heri ninyamaze. Ukiwa bubu watu wanakuhurumia, na wanakusogelea."

"Hukuwaomba wabadilishe?"

"Niliwaomba. Walinisikiliza vizuri sana, wakanipa na soda. Wakasema wamepima, watu huiamini sauti hii kuliko zote."

Solange alikuwa amejinasua magotini kwa mama yake, yuko katikati ya chumba. "Sema tena karibuni Sekenke," alisema.

Mzee akamtazama mama kwanza. Namwezi hakukataa. Basi akasema, taratibu, kama treni inaingia kweli, na mtoto akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza Namwezi kusikia sauti ile na kicheko katika chumba kimoja.

Akamweleza mzee habari za Alhamisi. Akamweleza pia swali la mara ya kwanza na jibu alilotoa.

"Ulisema ndiyo?" Mzee Ntandu aliweka kijiko chini.

"Ni mzee aliyesema. Ningembishia vipi?"

"Mzee ni mimi. Yule ni spika ukutani. Sikiliza, mama Solange. Anatega. Anasema jambo la uongo juu yako makusudi, aone kama utaitetea kweli. Wenyeji hapa wanamrukia hapo hapo. Nyinyi mliolelewa kwa adabu ndio mnaoanguka."

"Sasa adabu ni kosa?"

"Kwake ni kosa. Hakuna aliyemfundisha." Akachota mboga, akatafuna. "Mboga hii haina chumvi."

"Pole, baba. Nikuletee."

"Chumvi ipo, imekolea vizuri. Nimesema uongo na wewe umekubali. Nibishie."

"Siwezi."

"Mboga haina chumvi."

Namwezi akatazama sakafu.

"Mimi ningesema hapana, koko," alisema Solange.

"Wewe umeshaharibika na shule," mama yake akamjibu, na mzee akacheka mpaka akakohoa.

Walifanya hivyo jioni hiyo na jioni ya pili. Mzee alisema Solange ni mvulana, alisema Uvira iko jangwani, alisema chai ya Namwezi ni maji ya kuoshea vyombo. Neno hapana lilimtoka Namwezi kwanza kama mwiba, kisha kama kikohozi, kisha likatoka. Hata hivyo, kila mara aliongeza "baba" mwishoni, na mzee akasema hilo abaki nalo, halina madhara. Hofu ilipungua lakini haikuisha. Ikimjia ghafla, mzee aliiona, akanyamaza mpaka imempita.

Jumatano walifika kwenye swali lenyewe. Mzee hakutaka kulisema. Alizunguka chumba, akafunga dirisha, akalifungua tena.

"Sema tu, baba. Kesho atasema."

Basi akasema, akiwa amempa mgongo. "Kazi ya Uvira waliifanya wenzako. Wewe ulikuwa ukiwasaidia tu. Sivyo?"

Namwezi alifungua mdomo. Akaufunga. Mzee alipogeuka aliona machozi yanamshuka mama huyu bila sauti.

"Si adabu tu," Namwezi alisema mwishowe. "Tulikuwa wanne. Mwavita, Sifa, Mama Chausiku na mimi. Siku mto ulipofurika mji ulikuwa na watu wamekwama juu ya mapaa, hawana maji ya kunywa, maji yote ni tope. Tukasema mashine zisizime. Wao watatu walibaki kituo cha chini, mimi nikapanda cha juu kwa sababu injini yake ilikuwa inalia vibaya. Mto ukachukua kituo cha chini. Hakuna aliyetoka." Alijipangusa kwa kanga. "Sasa nikisema mimi ndiye niliyefanya, si ninawanyang'anya? Mtu akila peke yake na wenzake wamelala njaa anaitwaje? Heri niseme nilikuwa msaidizi."

Mzee Ntandu aliketi.

"Msaili hajui kwamba wamekufa," alisema. "Wala hatajua mpaka umwambie. Ukisema ndiyo, wanabaki watu wasio na majina. Mpe kila mmoja kazi yake, umtaje. Ukimaliza, itakayobaki ni yako. Hapo hujamnyang'anya mtu."

Alhamisi chumba cheupe kilikuwa baridi. Kiti-sikivu kilimkumbatia mgongoni kama kiumbe hai, na Namwezi alihisi kikianza kuhesabu moyo wake. Nje, Solange alikuwa amebaki na mzee kwenye benchi. Mzee alikuwa amejifunika mdomo kwa mtandio, maana ukumbi ulijaa wageni wanaosubiri.

"Habari za asubuhi, Namwezi," ilisema sauti. "Umerudi."

Alijaribu kumwona moyoni Mzee Ntandu akitafuna mboga. Alifaulu kidogo. Alijibu swali la jina, la umri, la kwa nini anataka kazi ya vinu. Aliposema kuhusu injini ya kituo cha juu siku ya mafuriko, sauti yake mwenyewe ilitulia. Akaanza kufikiri kwamba huenda yatakwisha hivi hivi.

Sauti ikatua kidogo. "Tuna habari kwamba siku ya mafuriko uliwakimbia wenzako. Ulipanda juu ukijua maji yanakuja. Sivyo?"

Hilo hawakulifanyia mazoezi. Lilimwingia kama maji baridi puani. Kwa muda hakuwa Sekenke tena. Alikuwa juu ya kituo, ameshika nguzo, anaita majina gizani. Kwa maana swali hilo alikuwa amejiuliza mwenyewe, siku nyingi, kwa sauti ile ile. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Kichwa chake kilianza kuinama.

Akakiinua.

"Hapana, baba."

"Eleza."

"Mwavita alikuwa fundi wa mabomba, alibaki kubana mlango wa maji. Sifa alikuwa na nguvu kutushinda wote, alibaki kupandisha magunia. Mama Chausiku alikuwa mkubwa wetu, na ndiye aliyenituma. Alisema, Namwezi, nenda juu, wewe ndiye unayejua kusikiliza. Nikaenda. Niliikuta injini imevimba moto, nikaipoza, nikaishika mpaka asubuhi haikuzima. Watu wa mapaani walikunywa. Kazi yangu ni hiyo. Nyingine ni zao."

Kiti kilikuwa kikimbana.

"Moyo wako unaonyesha hofu kubwa," ilisema sauti.

"Ndiyo. Ninaogopa sana. Lakini sisemi uongo."

Taa ya mlangoni ilikaa bila rangi, ikakaa, hata Namwezi akaanza kufikiria jinsi atakavyofunga ule mfuko mmoja wa nguo. Kisha ikawa kijani.

Walirudi wote watatu mpaka nyumbani kwa Mzee Ntandu. Solange alilala kwenye kochi la mzee, viatu miguuni, na mzee akavivua polepole asimwamshe. Namwezi alimwambia kwamba amepewa kinu cha upande wa magharibi. Walinzi hukaa huko huko kilimani, chini ya vinu vyao, na atahamia Jumamosi.

"Vizuri," alisema mzee. "Vizuri sana. Alikuuliza lile letu?"

"Hapana. Aliuliza kama niliwakimbia wenzangu."

Mzee Ntandu aliganda, kiatu kimoja cha mtoto mkononi.

"Aliuliza kwa maneno gani?"

Namwezi akamrudia neno kwa neno. Aliona uso wa mzee ukibadilika, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane aliona kwamba hofu imehama, imetoka kwake imekwenda kwa mzee.

"Mimi sikusoma maneno hayo," alisema mzee. "Nayakumbuka yote niliyosoma. Lile la wenzako nililisoma, bila jina la Uvira. Niliambiwa ni mfano tu. Hili la kukimbia sijawahi kulitia mdomoni mwangu." Akaketi. "Kwa hiyo sasa anajitungia. Anatunga, na mimi ndiye ninayesema. Leo asubuhi, mama Solange, wakati nimekaa pale kwenye benchi na mwanao, nilikuwa ndani ninakwambia uliwaacha wafe. Na hivi sasa sijui ninamwambia nini mtu mwingine."

Akainua kiganja kuelekea mdomoni. Namwezi aliuona mkono ukipanda, akajua kwamba ukifika utakaa pale siku zote.

"Hapana, baba," alisema. Alilisema bila kuinamisha macho. "Wewe ulikuwa kwenye benchi. Ulikuwa unamsimulia mtoto habari za treni. Nilipotoka nilikuta anacheka."

Mkono ulisimama njiani. Mzee akaushusha, akaendelea kukishika kile kiatu. Nje kulikuwa kumeanza upepo wa jioni, na kule kilimani mbawa zilikuwa zinafunguka moja moja.

"Kilimani ni mbali kwa miguu yangu," alisema. "Wewe ndiye utakuwa unashuka. Njoo tena, mwanangu. Njoo Jumapili, na huyu umlete. Nitasema nitakayoyasema, na usiponisikia mimi ndani ya maneno hayo, ukamsikia yule wa ukutani, uniambie hapana."